Kula, Siyo Kura

Morogoro,
6 Machi 2025

Shangazi Suzana,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua za Buswelu hazijakuzuia kwenda kanisani. Sisi huku wazima. Mume wangu amestaafu, na sasa anashinda nyumbani akinielekeza namna ya kupika wali ambao nimempikia tangu tuoane. Mniombee.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikuuliza habari za ule waraka, ukanijibu kwamba kuku wako wamekufa kwa mdondo. Nikapaza sauti, ukasema nisikufokee, ukakata. Kwa hiyo barua hii nampa mtu wa basi.

Shangazi, kaka Revocatus ameniambia ukumbi mpya wa kule Kiseke utapewa jina la Baba mwezi wa saba. Utaitwa Ukumbi wa Nestory Shigela, Mwandishi wa Uhuru. Kamati yake inataka kuandika ukutani mstari wa kwanza wa waraka wa mwaka hamsini na nane, ule uliomfunga Baba: "Sisi mama wa ziwa tunataka kura."

Wakati huohuo mimi nimepewa sura moja ya kitabu kuhusu wanawake ambao kalamu zao zilisukuma uhuru na majina yao yakabaki nje. Nilikuwa Dar kutafuta nyaraka, na nikaonyeshwa ile nakala iliyochukuliwa na polisi wa mkoloni. Nimeishika kwa mikono yangu. Mstari unasema, "Sisi mama wa ziwa tunataka kula." Kula, ya chakula.

Nikadhani ni sisi Wasukuma na L zetu. Nikasoma karatasi zote mbili za waraka, R kwa R. Serikali iko sawa, ruhusa iko sawa, barabara iko sawa. Neno moja tu ndilo "limekosewa". Sasa wewe unajua Baba alivyoandika. Nikiwa bweni aliniletea barua: "Mwanangu, nimepokea balua yako, Mungu akubaliki." Wasichana walinicheka muhula mzima. Mtu anayeandika balua hawezi kujaza karatasi mbili bila kukosea R hata moja.

Nani aliandika waraka ule?

Nakusubiri kwa hamu, na ninakupenda,
Bernadeta

*

Buswelu,
2 Aprili 2025

Bernadeta mwanangu,

Marahaba. Barua yako imelala kwenye ofisi ya basi pale Nyamagana karibu mwezi mzima kwa sababu juu umeandika "Bibi Suzana, Buswelu". Buswelu ya sasa siyo ile unayoikumbuka. Kumejaa nyumba za ghorofa na mabibi wa kila aina. Kijana wa ofisini alimpa Suzana mwingine, mama mchungaji, naye akaifungua, akaisoma yote, kisha akaniletea na kuniuliza kama mume wako bado anakusumbua jikoni. Kwa hiyo habari zenu zinajulikana mtaa mzima. Mwalimu mzima hujui kuandika anwani!

Goti ni lilelile. Kuku nimebaki na jogoo mmoja, na huyo anawika mchana tu, sijui ana hasira na nani. Dagaa wamepanda bei hadi tunawaita sangara. Nyumba ya kaka yako salama, mkewe hunipitia Jumamosi.

Umeniuliza habari ya waraka. Waraka ni wa baba yako. Waulize waliomfunga, wao ndio waliosema ni wake. Yeye ndiye aliyekwenda gerezani, na yeye ndiye aliyerudi na kikohozi ambacho hakikuisha. Mambo ya balua yake muachie mwenyewe huko alikolala. Siyo vizuri mtoto kumsahihisha baba yake kaburini.

Ila mwambie Revocatus asipake uongo ukutani. Neno ni kula. K, U, L, A. Siyo kura. Hilo neno halikukosewa na halitaki fundi. Kama wanataka kulibadilisha, waandike kitu kingine, waandike Karibuni Wageni.

Nimeandika hivi kwa sababu ni kosa, siyo kwa sababu nyingine. Usianze.

Msalimie mstaafu. Mwambie wali haupikwi kwa mdomo.

Shangazi yako,
Suzana

*

Morogoro,
27 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa mama mchungaji. Safari hii nimeandika juu ya bahasha "Suzana Shigela, nyumba ya chini ya jiwe kubwa, mwenye jogoo". Isipofika, basi tena.

Mume wangu ameisoma salamu yako, amenuna siku nzima, na chakula nimepika kwa amani. Asante.

Nilimpigia kaka kuhusu neno. Yaani Shangazi, nimechoka! Kaka ananiambia, "Beri, ina maana Baba alikuwa anaomba chakula? Mkuu wa mkoa akija aone tumeandika njaa?" Nikamwambia nakala ya polisi inasema kula. Akasema polisi walikuwa Wasukuma pia. Nikamwambia hata Shangazi amesema ni kula. Akajibu, "Shangazi ana umri." Nikakata simu kabla sijamtukana mkubwa wangu.

Sasa turudi kwako. Unasema waraka ni wa Baba. Halafu unajua herufi kwa herufi jinsi neno lilivyokaa, na unasema halikukosewa. Umejuaje? Baba mwenyewe alipokuwa akitusimulia alikuwa anasema "kula" kwa vyote viwili, kwa sababu mdomo wake haukuwa na tofauti. Sisi wanawe tuliandika "kura" kwenye madaftari ya shule, naye hakutusahihisha kamwe. Anayejua kwamba ni L ni mtu mmoja, na mtu huyo alisoma kwa masista hadi darasa la nane, na alifundishwa kupiga taipu.

Wahariri wanataka sura yangu kabla ya mwisho wa Agosti. Usinijibu habari za kuku.

Mwanao mwenye kiburi, kama unavyosema,
Bernadeta

*

Buswelu,
19 Mei 2025

Bernadeta,

Marahaba. Bahasha imefika. Ofisi nzima ya basi sasa inaniita Mama Jogoo.

Kuku sitakuambia. Nitakuambia kwamba mvua imebomoa choo cha jirani na kwamba meno yangu ya bandia yamepasuka, kwa hiyo nikiongea sasa hata mimi sijielewi.

Kaka yako alikuja Alhamisi kwa bajaji, na soda, na kitenge. Kitenge kizuri, rangi ya udongo. Nikajua kuna jambo. Anataka siku ya ukumbi nikae mbele kama "dada wa mwandishi". Nikamwambia nitakuja, ila neno ni kula. Akanipapasa bega. Unajua mtu anavyopapasa ng'ombe aliyezeeka ili apite mlangoni? Hivyo hivyo. Nilitaka kumrudishia kitenge chake, lakini rangi imenipendeza.

Kwa kuwa ninyi wawili mmesoma na hamjui kitu, nitawaeleza kwa nini ni kula. Wakati ule wanaume wa chama walizunguka pwani yote ya ziwa wakiwahubiria wanawake habari za kura. Wanawake wakawa wanasinzia. Kulikuwa na mmoja kutoka ng'ambo ya Busisi, anaitwa Kija, mwanamke wa maneno. Akasimama akauliza, "Hiyo kula mnayoisema, inaliwa?" Watu wakacheka. Msemaji akakasirika. Lakini aliyeandika waraka alikuwa amekaa pale na hakucheka. Aliona kwamba kwa midomo yetu ni neno moja. Ukisomewa kwa sauti, unasikia yote mawili. Anayejua kura anasikia kura. Ambaye ng'ombe wake wamechukuliwa kwa kodi anasikia kula. Wote wanakuja.

Na kuna la tatu. Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku. Bwana DC, yule mzungu, alikuwa na Kiswahili cha kitabuni. Aliposoma kula akaona ni wanawake wenye njaa, akatoa kibali cha kukutana. Wakajaa uwanja mzima mchana kweupe, na kibali chake mkononi, wakisema wanataka kuchagua wenyewe. Karani mmoja alipokuja kumweleza alichokiruhusu, ilikuwa imekwisha.

Aliyeandika alikuwa na akili yake. Basi. Usiniulize tena.

Shangazi yako asiye na meno,
Suzana

*

Morogoro,
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini meno yameungwa. Hapa ni baridi, na mimi nina mafua na hasira, sijui kipi kitapona kwanza.

"Aliyeandika, aliyeandika"! Aliyeandika hana jina? Alikuwa amekaa pale, hakucheka, aliona. Unazungumza habari za jirani? Shangazi, waraka unaanza na "Sisi mama wa ziwa". Baba yangu alikuwa mambo mengi, lakini mama hakuwa.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia kaka. Mimi nilisoma Kiswahili kwa sababu ni mtoto wa mwandishi. Nikiwa darasani nikifundisha insha nilikuwa nawaambia wanafunzi, baba yangu alifungwa kwa ajili ya sentensi. Nilijivuna sana. Nilipoishika ile karatasi Dar na kuona R zimekaa sawasawa, nilijua papo hapo, na iliniuma kama nimefiwa mara ya pili. Kwa hiyo usidhani nafanya hivi kwa raha. Ninamtoa baba yangu mahali pake, na kaka ameshaniita mtoto asiye na shukrani mbele ya mke wake na watoto wake.

Mimi niko tayari. Anayejificha ni wewe, ambaye ni mwenye mali! Mbona sielewi? Kama ni hofu, mzungu amekwenda. Kama ni aibu, aibu ya nini? Na kama kweli siyo wewe, andika tu, "Bernadeta, siyo mimi." Maneno matatu. Nitafunga mdomo hadi nife.

Mwanao,
Bernadeta

*

Buswelu,
25 Juni 2025

Bernadeta mwanangu,

Marahaba. Kunywa tangawizi.

Sikuandika hayo maneno matatu. Nilikaa nayo wiki nzima na kalamu haikutaka. Sasa sikiliza, na ukimaliza uniache nipumzike, maana umenichosha kuliko mkoloni.

Walipogundua wamechezewa walianza kumtafuta mwandishi. Walitafuta mwanaume. Hata haikuwaingia akilini kutafuta mwanamke, na waraka wenyewe unasema sisi mama! Hilo nalo lilinikera, nakuambia kweli, pamoja na hofu niliyokuwa nayo. Baba yako alikuwa kibarua kwenye kinu cha pamba, na mashine ya chama niliyopigia taipu ilikuwa karibu na kinu. Wakawakusanya wanaume wote wa pale. Wakasema, asipojitaja, tunachoma nyumba za ukoo wake na kuwahoji wote, wake kwa waume.

Nestory akasema, mimi.

Hawakumwamini. Alikuwa ameishia darasa la pili. Karani, mtu wa pwani, akampa penseli akamwambia, "Andika: tunataka kura." Akaitamka R yake kama mtu anayekwangua sufuria. Baba yako akaandika alivyosikia na alivyoweza. Akaandika kula.

Karani akaweka karatasi ile na waraka pamoja. Neno lilelile, kosa lilelile. Wakamfunga kwa hilo.

Unaelewa? Mimi niliweka L kwa makusudi, na usiku na mchana niliona fahari juu ya L ile. Yeye aliweka L kwa sababu hakuwa na R. Ikamfaa mzungu, na ikaniokoa mimi.

Alipotoka alinishika mkono akasema, "Suzana, ni mimi na wewe tu." Mwaka wa kwanza tulikuwa tunalicheka jambo hilo. Baadaye watu wakaanza kumwalika kwenye harusi asimulie. Akawa anasimulia vizuri. Siku moja nipo namwagia wageni chai, nasikia ananieleza mimi, mimi, Suzana, jinsi alivyokaa kuuwaza ule mstari! Nikamwangalia. Hakuwa anatania. Alikuwa amekwisha kuamini.

Bernadeta, nilitaka kummwagia ile chai. Nilinuna miaka. Lakini mtu aliyelala kwenye simenti kwa maneno yako, utamnyang'anya kwa mdomo gani? Nikamwachia.

Nilikuwa na mengine ya kuandika. Mazuri kuliko lile. Lakini ningeandika, watu wangesema mbona mkono huu tunaujua. Nikaacha. Nikawa mtu wa kuwaandikia wenzangu barua za msiba.

Hiyo ndiyo habari yako. Goti linauma.

Suzana

*

Morogoro,
5 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikalia, halafu nikakasirika, na hadi leo sijui nimemkasirikia nani. Baba? Wewe? Karani? Mume wangu alinikuta jikoni akaogopa, akaosha vyombo.

Nilimsomea kaka barua yote kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ukuta umeshapakwa rangi na kadi zimeshatoka, tusiharibu shughuli ya watu. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Sitakuja Mwanza. Nikisimama mbele ya ukuta ule nitaropoka.

Na wewe sitakulazimisha tena. Nimeona sina haki ya kukuvua kitu ulichokivaa miaka yote hii. Katika kitabu nitaueleza waraka, nitaeleza kula, nitaonyesha kwamba aliyeandika alikuwa mwanamke. Mahali pa jina nitaandika: Mwandishi hajulikani. Nadhani hilo halitamuumiza mtu.

Nisamehe kwa kukusumbua.
Bernadeta wako

*

Buswelu,
21 Julai 2025

Bernadeta,

Marahaba. Meno mapya yamefika, yananibana, lakini yanasema vizuri.

Nilikwenda Kiseke. Nilivaa kitenge cha kaka yako. Kulikuwa na hema, na spika za kuziba masikio, na wajukuu wa Kija wamevuka kwa daraja jipya wamejaza basi dogo. Ukuta ni mweupe na maandishi ya bluu, makubwa: TUNATAKA KURA. Chini yake jina la baba yako. Amependeza kwa kweli, hata kwenye picha wamempaka nywele.

Diwani akasema tumsikilize dada wa mwandishi. Wakanipa maiki. Nilikuwa nimepanga kusema asante na kukaa. Lakini mfukoni nilikuwa na barua yako na lile "hajulikani" lako, na nilikuwa nimekwazika nalo tangu lifike. Hajulikani na nani? Mimi najijua! Nikasema kwa meno mapya, "Neno pale ukutani siyo kura. Ni kula."

Watu wakacheka. Nikarudia, kwa sauti: "Kula! Nasema kula!" Wakapiga makofi. Mama mmoja akasema, "Jamani, bibi ana njaa, shughuli imechelewa mno." Maiki ikachukuliwa. Kaka yako mwenyewe akaja mbio na sahani ya pilau, nyama juu. Nikamvuta shati nikamwambia sikioni, "Revocatus, wewe unajua. Dada yako alikusomea. Nililiandika mimi."

Akaangalia ukuta, akaangalia watu. Macho yakamjaa machozi, nitamwonea nikisema hayakumjaa. Akasema, "Ndiyo, Shangazi. Kula kwanza."

Nikala. Pilau ilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa natafuna na hasira ya miaka yote, na katikati ya sahani nikajua kwamba nikifa nimenyamaza, hivi ndivyo nitakavyozikwa, nimeshikishwa kijiko.

Kwa hiyo futa hilo neno lako. Andika Suzana Shigela. Usiweke dada wa marehemu, usiweke bibi wa Buswelu, usiweke Mama Jogoo. Kaka yako atanuna, atapona, mimi nimenuna zaidi yake na niko hai. Na utakapofika kwa baba yako usiseme aliandika, wala usithubutu kusema alidanganya. Sema waliuliza ni nani, akaitika yeye.

Mwonyeshe mhariri wako barua hii kama anataka ushahidi. R zangu zote azihesabu.

Ni mimi niliyeandika,
Suzana Shigela